Mkopo bila riba, mtaji unaoliwa njiani

MIKOPO ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imerudi. Ilisitishwa Aprili 2023, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha mabilioni ya shilingi ambayo hayakurejeshwa, pamoja na vikundi ambavyo vilipotafutwa havikuonekana. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania iliruhusu ianze kutolewa upya kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikipitishia fedha hizo benki. Mjadala ulioambatana na hatua hiyo, bungeni na mitaani, ulizunguka jambo moja: safari hii fedha zitarudi?

Swali hilo ni halali, kwa kuwa fedha zenyewe zinatokana na ushuru wa masoko, leseni na tozo wanazolipa wananchi. Hata hivyo, kwa kundi la tatu katika orodha ile, lililotengewa asilimia mbili tu, kuna swali linalopaswa kutangulia. Ni kiasi gani cha mkopo huo kinachofika kwenye biashara kabla hakijamezwa na gharama ambazo mkopaji mwingine hazijui?

Kwa muda mrefu asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ilitajwa kuwa ya wanawake na vijana. Watu wenye ulemavu waliingizwa baadaye, na ndipo ukapatikana mgawanyo ambao sasa unajulikana kwa tarakimu zake: nne, nne, mbili. Mwaka 2018 Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, likaufanya utengaji huo kuwa wajibu wa kisheria na kuifuta riba. Kabla ya hapo mambo yalitegemea mno utashi wa mkurugenzi na madiwani wake. Kanuni zilifuata mwaka 2019, zikisisitiza vikundi, kisha zikalegezwa ili mtu mwenye ulemavu aweze kukopa hata akiwa peke yake. Hatua hiyo ya mwisho haikupewa uzito unaostahili katika habari za siku hizo, ingawa ilikuwa na maana kubwa. Kumtaka kiziwi aliye peke yake katika kata nzima atafute viziwi wenzake wanne ndipo akope kulikuwa ni kumnyima kwa lugha ya upole.

Kwa nini biashara, na kwa nini mkopo? Jibu limo katika sheria nyingine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia tatu kati yao ni watu wenye ulemavu. Ni kifungu kizuri, lakini waajiri wa ukubwa huo ni wachache katika nchi ambayo sehemu kubwa ya nguvukazi yake inajiajiri katika kilimo na biashara ndogondogo. Vyuo kama kile cha Yombo, Dar es Salaam, kilichoanza miaka ya 1970, vimefundisha ushonaji, useremala na ufundi mwingine kwa vizazi kadhaa vya vijana wenye ulemavu. Mhitimu akishatoka getini na cheti chake, mara nyingi mwajiri anayemkuta ni yeye mwenyewe.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa kiasi cha asilimia 11 ya Watanzania wana ugumu wa aina fulani katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Wapo wanaoiweka asilimia hiyo kando ya zile mbili za mikopo na kulalamika papo hapo. Ulinganisho huo hauko sawa sana, kwa kuwa kipimo cha sensa kinawajumuisha hata wazee ambao macho au magoti yamechoka kwa umri. Tatizo la asilimia mbili liko mahali pengine.

Hesabu ya wafanyabiashara wawili

Hebu ichukuliwe hesabu ya mfano. Wafanyabiashara wawili wa mitumba wamekopeshwa na halmashauri Sh 1,000,000 kila mmoja, bila riba, kwa mwaka mmoja. Marejesho yao ni takriban Sh 83,300 kwa mwezi. Wote wawili wanauza bidhaa ileile, kwa bei ileile, na kila mmoja anabakiwa na faida ya Sh 200,000 kwa mwezi baada ya kulipia mzigo, ushuru na kizimba. Mmoja hutembea kwa miguu yake. Mwenzake hutumia kiti cha magurudumu.

Wa kwanza akishatoa marejesho anabaki na zaidi ya Sh 116,000 za kula na kukuza biashara. Wa pili hawezi kupanda daladala saa 11 alfajiri, kwa sababu makondakta wengi hawana subira ya kukunja kiti na kumpandisha abiria huku watu wakigombea mlango. Anapanda bajaji, na tofauti ya nauli, tuseme, ni Sh 2,000 kwa siku. Anahitaji kijana wa kumfungulia kizimba, kumpangia nguo na kumsukuma katika njia za soko zenye mashimo na mifereji isiyofunikwa. Kijana huyo analipwa Sh 3,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, vitu hivyo viwili vimechukua Sh 130,000. Kilichobaki ni Sh 70,000, pungufu ya marejesho kwa zaidi ya Sh 13,000, na bado hajanunua unga.

Hapo ndipo anapoanza kula mtaji. Mwezi wa kwanza belo linalonunuliwa ni dogo kidogo, mwezi wa tatu ni dogo zaidi, na katikati ya mwaka jina lake liko kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Katika taarifa ya halmashauri ataonekana kuwa mkopaji asiyejua biashara, au asiyekuwa mwaminifu. Kumbe biashara aliijua sawasawa na jirani yake. Alichokosa ni njia ya saruji na basi linaloshusha ngazi.

Hesabu hiyo haijagusa jambo gumu zaidi, nalo ni kuchagua mzigo. Kila anayejua biashara ya mitumba anaelewa kwamba faida huamuliwa dakika belo linapofunguliwa, mikono ikigombea nguo zenye hali nzuri. Asiyeweza kuinama na kusukumana katika umati ule hutuma mtu. Mtumwa huyo ana macho yake na ladha yake, na pengine ana biashara yake pembeni. Mwenye mtaji analetewa kilichobaki, kisha anaulizwa kwa nini hauzi.

Kila ulemavu una mlango wake wa gharama. Mfanyabiashara asiyeona huzitambua noti kwa kuzipima vidoleni, kwa sababu noti za Tanzania zinatofautiana ukubwa kwa milimita chache. Noti ikiwa mpya kazi hiyo haina shida. Ikishachakaa na kukunjwa mara mia katika pindo za khanga, vidole havina cha kushika. Fedha kwa njia ya simu, ambazo Afrika Mashariki ilizizoea baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, ziliondoa tatizo la noti na kuleta jingine. Mteja anasema ametuma; ujumbe umeingia kwenye simu ya kitochi isiyosoma kwa sauti. Nani atausoma? Aliye karibu. Na siku ya kutoa fedha kwa wakala, namba ya siri inaingizwa na nani? Aliye karibu. Simu janja inaweza kusoma maandishi kwa sauti na kumwondolea mtu aibu hiyo yote, lakini bei yake ni mara kadhaa ya kitochi. Katika andiko la mradi linalopelekwa kwa ofisa maendeleo ya jamii, simu ya namna hiyo huonekana anasa.

Kwa kiziwi, gharama iko kwenye mazungumzo. Bei inaweza kuandikwa kwenye kikokotoo na ujumbe wa maandishi umerahisisha mengi, lakini mafunzo ya ujasiriamali ambayo hutangulia mkopo hutolewa kwa mdomo. Pasipokuwa na mkalimani wa Lugha ya Alama, mafunzo hayo huwa ni saa kadhaa za kutazama midomo ikichezacheza. Kinachotokea ni kwamba ndugu au rafiki anayesikia huingizwa kwenye kikundi ili awe sauti yao, na baada ya muda sauti hiyo ndiyo inayoweka sahihi benki. Malalamiko kwamba watu wasio na ulemavu hujificha nyuma ya majina ya wenye ulemavu yamesikika mara nyingi, na hayapaswi kupuuzwa. Lakini ifahamike kwamba mlango wa udanganyifu huo hufunguliwa na ofisi yenyewe pale inapoendesha shughuli zake kana kwamba kila mkopaji anasikia.

Watu wenye ualbino nao wana jua. Kizimba chenye kivuli hulipiwa zaidi ya meza iliyo wazi, na kwao kivuli ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi ambayo imewakatisha maisha wengi wao wakiwa bado vijana. Mafuta ya kujikinga yanayotengenezwa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi yameokoa wengi, ila hayafiki kila soko. Zaidi ya jua kuna hofu. Wimbi la mauaji lililoikumba Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007 liliwafundisha wengi kufunga biashara kabla ya giza, na kuuawa kwa mtoto mdogo wilayani Muleba, Kagera, mwaka 2024 kuliirudisha hofu ambayo baadhi walidhani imeshapita. Muuza genge anajua kwamba saa 12 hadi saa 2 usiku ndizo saa za mauzo, watu wanapotoka kazini wakitafuta mboga. Anayefunga saa 11 jioni amewaachia wenzake sehemu nono ya siku.

Na wapo wasiohesabiwa kabisa katika kundi hili, wenye maradhi ya kudumu kama kisukari, selimundu au figo. Miili yao haina dalili ambayo ofisa ataiona dirishani. Mwenye selimundu anaweza kufanya kazi wiki tatu kwa nguvu zote, kisha akalazwa ya nne. Biashara ya mtu mmoja haina likizo ya ugonjwa: duka limefungwa, nyanya zimeoza, na tarehe ya marejesho imefika. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 inalenga bili ya hospitali. Nyanya zilizooza hazimo.

Mtaji usiokuwa fedha

Miongoni mwa biashara ambazo watu wenye ulemavu wa viungo wamezimudu vizuri mijini, bajaji ina nafasi ya pekee, na sababu yake ni ya kiufundi. Chombo hicho huongozwa kwa mikono kama pikipiki. Kinachohitaji mguu ni pedali ya breki, ambayo fundi wa kawaida anaweza kuihamishia mkononi. Mtu ambaye polio ilimlemaza miguu utotoni anaweza kushindana na dereva yeyote barabarani. Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, kwa hiyo wengi wa madereva hao ni watu wazima wenye familia, na miili yao inazidi kuchoka kadiri umri unavyosogea.

Jijini Dar es Salaam, bajaji zilipozuiwa kuingia katikati ya jiji, madereva wenye ulemavu walipata nafasi ya kuruhusiwa kupita. Ruhusa hiyo haikuigharimu Serikali hata senti, lakini kwa dereva ilikuwa na thamani kuliko mkopo wowote, kwa sababu ilimpa soko ambalo wenzake hawakuwa nalo. Kisha yakaanza mabishano: nani anastahili, nani anazitumia bajaji za wenye ulemavu kwa mlango wa nyuma, mipaka iko wapi. Juni 2017 mabishano hayo yaliishia barabarani, pale polisi walipotumia mabomu ya machozi kuwatawanya madereva wenye ulemavu waliokuwa wakidai kuendelea kufanya kazi katikati ya jiji. Picha za watu wakiburuzika lami karibu na viti vyao zilizagaa nchi nzima na kuamsha hasira. Baada ya hasira kupoa, kilichozungumzwa ni ukatili wa askari. Swali la kibiashara, yaani ruhusa hiyo iandikwe wapi, idumu muda gani na ilindwe vipi isiporwe na wasiostahili, halikupata wa kulishikilia.

Suala la eneo ni la namna hiyohiyo. Oktoba 2021, wamachinga waliondolewa kwenye hifadhi za barabara na maeneo yasiyo rasmi jijini Dar es Salaam na kupangiwa masoko. Hoja za usafi na usalama zilikuwa na msingi, na wenye maduka walishangilia. Kwa mchuuzi anayeona na kutembea, kuhama ni hasara ya wiki au miezi mpaka wateja wamzoee. Kwa asiyeona, mahali pa biashara ni ramani iliyochorwa kichwani kwa miaka: hatua ngapi kutoka kituoni, mfereji uko wapi, jirani yupi huazima chenji, sauti ya mteja yupi ni ya kuaminiwa. Kumhamisha ni kuichana ramani hiyo yote. Angetengewa nafasi karibu na lango na kituo cha daladala kabla wengine hawajagawiwa, hasara ingekuwa ndogo.

Kodi nayo inahusika, ingawa haizungumzwi sana. Mfanyabiashara mdogo wa Tanzania hutozwa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo yake ya mwaka. Utaratibu huo ni rahisi na una faida kwa pande zote mbili, kwani haumlazimishi muuza viatu kuwa mhasibu. Lakini mauzo hayasemi lolote kuhusu gharama. Wale wafanyabiashara wawili wa mitumba wana mauzo sawa, hivyo kodi yao ni sawa, japokuwa mmoja ana Sh 130,000 za ziada zinazotoka kila mwezi. Msaidizi wake hatambuliki mbele ya mkadiriaji.

Majirani wamefanya nini

Kenya ilichukua njia mbili. Tangu mwaka 2010 mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kuthibitishwa anaweza kusamehewa kodi ya mapato kwa Sh 150,000 za Kenya za mwanzo katika kila mwezi. Nafuu hiyo ni kubwa na ya kuheshimika, ila inamfaa zaidi mwenye mshahara au biashara iliyosimama. Muuza ndizi wa Gikomba, ambaye kipato chake hakifikii hata robo ya kiwango hicho, hana cha kusamehewa. Njia ya pili ni zabuni: kuanzia mwaka 2013 asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Huko tatizo limekuwa malipo. Mzabuni hutangulia kununua na kupeleka bidhaa kwa fedha zake, kisha husubiri, na madeni ya muda mrefu ya serikali kuu na ya kaunti yamewafilisi hata makandarasi wakubwa. Mwenye mtaji mwembamba hawezi kusubiri miaka miwili.

Uganda ndiyo iliyokaribia zaidi kiini cha jambo hili. Sambamba na mikopo ya makundi mengine, tangu mwaka wa fedha 2009/10 imekuwa na ruzuku maalumu kwa vikundi vya watu wenye ulemavu vinavyofanya shughuli za kujiingizia kipato. Ruzuku hairejeshwi. Kiasi chake kimekuwa kidogo na vikundi vinavyoisubiri ni vingi, lakini msingi wake unakubali kwamba kuna gharama ambayo mtu hakuichagua na ambayo si haki kumdai.

Nchini Tanzania wazo la ruzuku huamsha upinzani, na cha kushangaza ni kwamba baadhi ya wapinzani ni watu wenye ulemavu wenyewe. Hoja yao ina historia. Kwa miongo mingi picha ya mlemavu mjini ilikuwa ombaomba aliyekaa kwenye taa za barabarani, ambaye kila baada ya muda alikusanywa na askari wa jiji na kurudishwa mkoani kwake, kisha akaonekana tena. Vyama vyao, chini ya shirikisho lao SHIVYAWATA, vilitumia nguvu nyingi kuifuta picha hiyo. Mkopo una heshima yake; anayekopa na kurejesha anatambuliwa kuwa mfanyabiashara. Kupewa bure, wanasema, kunaweza kuwarudisha kwenye bakuli.

Hoja hiyo ni nzito, lakini inachanganya vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa. Fedha za kununulia mzigo ni mtaji, na hakuna sababu ya kutozikopa na kuzirejesha kama wengine. Kiti cha magurudumu, simu inayosoma, mkalimani wa siku tatu za mafunzo, breki ya bajaji iliyohamishiwa mkononi: hivyo ni mlango wa kuingilia sokoni, na hakuna mfanyabiashara mwingine anayekopeshwa mlango. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 tayari inaikubali tofauti hiyo, kwa kuwa inasamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu. Halmashauri zinaweza kuifuata mantiki hiyohiyo bila kusubiri sheria mpya ya forodha: sehemu ya asilimia mbili iwe ruzuku ya vifaa, sehemu iwe mkopo, na marejesho yapangwe kwa kuangalia kinachobaki mfukoni badala ya kugawanya deni kwa miezi 12 kwa kila mtu.

Yapo matatizo katika pendekezo hilo. La kwanza ni udanganyifu, ambao ruzuku huuvutia kuliko mkopo. Hilo linaweza kupunguzwa kwa kutoa kifaa badala ya fedha, na kwa kuvishirikisha vyama vya watu wenye ulemavu katika uhakiki, kwa kuwa wao huwajua wanachama wao kuliko ofisa aliyehamia wilayani mwezi uliopita. La pili ni gumu zaidi, nalo ni tofauti ya utajiri kati ya halmashauri. Asilimia mbili ni ileile, lakini fungu si lile. Halmashauri inayokusanya Sh bilioni 50 kwa mwaka hutenga Sh bilioni moja kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Inayokusanya Sh bilioni moja hutenga Sh milioni 20, ambazo zikigawanywa kwa kata zote hubaki kidogo sana kwa kila kata. Mtu mwenye ulemavu aliye katika wilaya maskini ana barabara mbovu zaidi na hospitali iliyo mbali zaidi, na hapohapo ana fungu dogo zaidi. Hakuna kanuni ya halmashauri moja inayoweza kurekebisha hilo. Ni kazi ya bajeti kuu, na bila mfuko wa taifa wa kusawazisha, mikopo hii itaendelea kuwa nafuu ya miji mikubwa.

Utaratibu mpya wa kupitia benki umesifiwa kwamba utazuia vikundi hewa, na huenda ukafanikiwa. Hata hivyo benki ina vizuizi vyake: ngazi mlangoni, dirisha lililo juu ya kichwa cha aliyeketi kwenye kiti, fomu isiyosomeka kwa asiyeona, na mhudumu ambaye humwuliza msindikizaji maswali yanayomhusu mteja. Ofisa wa mikopo aliyezoea kupima uwezo wa mkopaji kwa mauzo ya miezi sita atampima mwenye selimundu kwa miezi ileile aliyolazwa. Mikataba kati ya halmashauri na benki ndiyo mahali pa kuandika masharti kuhusu mambo hayo, kabla fedha hazijahamishwa.

Hadi sasa, taarifa zinazofika kwenye mabaraza ya madiwani hueleza zaidi mambo mawili: kiasi kilichokopeshwa na kiasi kilichorejeshwa. Kwa vipimo hivyo, halmashauri iliyokopesha watu wachache wenye ulemavu mdogo na kulipwa fedha zote huonekana bora kuliko ile iliyothubutu kumkopesha asiyeona kabisa. Ofisa mwenye akili atajifunza haraka ni mwombaji yupi wa kumpitisha. Safu moja ikiongezwa kwenye taarifa hizo, ikionyesha ni biashara ngapi bado zipo mwaka mmoja baada ya deni kulipwa na wenye nazo wana ulemavu wa aina gani, madiwani watakuwa na jambo jingine la kuhoji katika kikao kijacho cha robo mwaka.